Kizingiti cha Babu Ngollo

Mimi sina mdomo wa kupamba maneno. Watu wa Kwihara wananijua: Flavia akikuambia mbuzi wako kala mihogo yangu, basi kala, tusibishane. Kwa hiyo ninayoyasema kuhusu nyumba yetu siyasemi ili nikutishe. Niliogopa mwenyewe vya kutosha.

Mambo yalianza na nyonga ya mama. Mama yangu, Josepha, aliteleza kisimani mvua za kwanza zilipoanza, msimu ule ule ambao Mfalme Joji alikufa huko kwao. Akavunjika. Hospitali walimlaza, wakafanya waliloweza, wakamruhusu na fimbo na mguu mmoja usiokunjika. Mdogo wangu Justus, karani pale stesheni ya Tabora, akamchukua moja kwa moja mpaka kwake Kanyenye. Nyumba ya bati, sakafu ya saruji, bomba liko uani. Nani asingeshukuru?

Mama hakushukuru. Aligeukia ukuta akaacha kula. Mke wa Justus, mtoto wa watu, alipika kila alichokijua, uji, kuku, wali mweupe, mama analamba kijiko anakirudisha. Nilipokwenda kumwona nilikuta mikono imebaki mifupa. Akanishika kanga, akaninong'oneza, "Flavia, nirudishe kwetu. Hapa nitakufa, tena nitakufa kwa hasira."

"Dada, nyumba ya Kwihara ni mtego," Justus akasema. "Ule mlango tu, mtu mwenye miguu yake anajikwaa."

Hapo hakusema uongo. Nyumba yetu ni tembe la zamani, alilijenga babu Ngollo, baba yake mama, enzi za misafara ya pwani. Kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, vyumba vimezunguka ua, na mlango wa kutokea nje ni mmoja tu. Mlangoni pale babu alilaza gogo la mninga, kizingiti cha kufika gotini. Tumezaliwa tunakiruka. Mgeni akiuliza mbona kirefu hivyo, tunamjibu ni cha kuzuia maji ya mvua. Maji gani yanafika gotini, na nyumba iko juu kwenye mwinuko? Lakini ndivyo tulivyoambiwa, na sisi tukawa tunasema hivyo hivyo.

Tukapatana. Mimi nitaitengeneza nyumba. Pasaka ikifika, kama mama anaingia na kutoka bila kubebwa, anabaki Kwihara na Justus hatatia neno. Asipoweza, anarudi Kanyenye. Na kurudi Kanyenye nilijua maana yake: tungemzika kabla ya mavuno.

Nikamrudisha mama Kwihara, nikamtafuta fundi Masolwa. Huyu ni mtu wa Choma, aliacha ng'ombe wa baba yake akafuata nyundo, na mdomo wake haufungwi. "Mwangaluka, mayu!" anamsalimu mama kwa Kisukuma, kelele tangu njiani, utadhani mama kavunjika masikio. Ila kazi anaijua. Alimwomba mama asimame, akae, anyooshe mkono, naye anapima kwa uzi. Akainua kitanda kwa matofali ili mama asihangaike kunyanyuka. Akachonga kiti cha tundu cha chooni. Akajenga kibaraza cha udongo kuzunguka ua mzima, mama akichoka popote anakaa. Ukutani akapigilia vigingi, akapitisha kamba ya mkonge usawa wa mkono wake, kutoka kitandani mpaka jikoni mpaka chooni, na upande wa ghala pia kwa kuwa kamba ilibaki. Milango ya ndani akaipanua, watu wawili wanapita bega kwa bega.

"Masolwa, fanya kazi, acha porojo," nilikuwa namwambia.

"Dada Flavia, huo ulimi wako ungekuwa jembe, Unyanyembe nzima ingekuwa imelimwa." Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kisimani, nikamsamehe fundi.

Kizingiti tulikiacha cha mwisho. Nilitegemea mama atapiga kelele, gogo la baba yake linang'olewa. Wapi! Alikaa kwenye kigoda uani anabangua karanga, anatuangalia. Masolwa akachimbua pembeni, tukasaidiana kuliviringisha, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule mwanamume amenyamaza.

Upande wa ndani wa lile gogo ulikuwa mzima, makovu ya tezo bado yanaonekana. Upande wa nje ulikuwa umelika. Umelika chini, karibu na ardhi, umekuwa laini na kung'aa kama jiwe la chumvi linalolambwa na ng'ombe.

"Nani alikuwa anakisugua hiki?" Masolwa akauliza. "Tena chini hivi. Mbwa?"

"Si mbwa," mama akasema. Akarudi kwenye karanga zake.

Masolwa akajenga mteremko wa udongo na changarawe, akaushindilia, akausawazisha kwa kiganja mpaka ukapendeza. Akaweka matawi ya miiba mbele yake mbuzi wasipite, tukauacha ukauke. Asubuhi alikuja anaimba. Wimbo ukakatika mlangoni.

Miiba ilikuwa pale pale, haijasogezwa. Lakini udongo ulikuwa umechafuka wote. Alama za viganja. Alama za magoti. Na vishimo vidogo vidogo, vya ncha ya fimbo. Nyayo hazikuwepo hata moja. Na zile alama zote zilielekea ndani.

"Watoto wa Kwihara hawana adabu!" Masolwa akafoka.

"Mtoto gani mwenye kiganja cha namna hii?" Niliweka wangu juu ya alama, ukazama. Na mimi si mwanamke mdogo.

Masolwa akachota udongo mbichi. Aliupaka upya ule mteremko, akaungoja juani mpaka ukakauka, akaondoka hata chakula hakugusa. Nilimtumia salamu aje kukaza kigingi kimoja. Akajibu kwamba mgongo unamuuma. Mgongo, Masolwa! Mtu anayebeba boriti peke yake!

Lakini mama alipita. Siku ile ya kwanza alishuka mteremko kwa fimbo yake, akaenda mpaka kwenye kivuli cha mkwaju, akarudi, akaingia mwenyewe. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Na chakula kikarudi: ugali na mlenda, anamaliza, anaangalia sahani yangu. Nilifurahi, jamani. Sitaki mtu aniambie kwamba nyumba ile ilikuwa ya huzuni. Nilifurahi kuliko siku ya ndoa yangu, ingawa ndoa yangu nayo haikuwa kipimo.

Kisha nikaanza kuiangalia kamba.

Kamba mpya ya mkonge ni nyeupe, inakwaruza. Mama ana mikono miwili tu, na mmoja unashika fimbo. Kabla mahindi hayajatoa mbelewele kamba ilikuwa imekuwa nyeusi, laini, ina mafuta ya mikono. Nyeusi urefu wake wote. Hata ule upande wa ghala ambako mama hajawahi kufika.

Mchana mmoja wa jua kali mama alikuwa amelala. Mimi niko uani napepeta mtama. Nikasikia kigingi kinalia. Nikainua macho. Kamba ilikuwa imevutwa chini kati ya vigingi viwili, imekazwa, kama mtu kaishika akaegemea. Ikalegea. Ikavutwa mbele kidogo. Ikatulia, muda wa mtu kuvuta pumzi. Ikavutwa tena mbele. Nikajiambia ni upepo. Upepo gani wa kuvuta kamba chini, na majani ya mkwaju hayatikisiki? Kuku waliokuwa wamelala ukutani wakanyanyuka mmoja mmoja, wakasogea, wakapisha njia, kisha wakarudi kulala.

Niliweka ungo chini taratibu. Nikaenda kukaa kitandani kwa mama na rozari yangu, sikutoka hadi alipoamka.

Maji nayo. Najaza mtungi asubuhi, jioni haijafika umekauka, na kata iko chini sakafuni. Niligomba peke yangu, nikamgombeza na mama. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ushushe huo mtungi, mwanangu," akasema. "Wengine hawaufikii."

"Wengine akina nani, mama?"

"Wale wa nje."

Nikakaa. 

Akanieleza huku anabangua karanga, sauti ile ile ya kuulizia chumvi. Misafara ilikuwa inalala kwetu, akasema, ikitoka Ujiji na pembe za ndovu. Wapagazi wengine walikuwa wazima. Wengine wamekwisha: miguu imeliwa na funza, magoti yameoza kwa vidonda, wengine wana ndui. Na mgeni akikufia ndani ya nyumba, mwenye nyumba ndiye wa kumzika, ndiye wa kuisafisha nyumba, na chumba kile hakilalwi tena. Babu Ngollo alikuwa na vyumba vingi, hakutaka kuvipoteza.

"Akaweka lile gogo," mama akasema. "Sheria ikawa moja. Anayevuka mwenyewe alale ndani, ale, anywe. Asiyeweza abaki nje. Na mtu habebwi. Hata ndugu yake hamruhusu ambebe."

"Na wale waliobaki nje?"

"Wanakaa pale ukutani. Wanajaribu. Wanajaribu tena. Sisi watoto tulikuwa tunawasikia wanavyojaribu, hata usingizi huji. Fisi nao wanawasikia. Asubuhi hakuna kutoka mpaka baba atangulie kwanza, na jembe."

"Mama! Na babu alikuwa anakula? Alikuwa analala?"

"Hakuwa mtu mbaya, Flavia. Alikuwa mwenye nyumba."

Nilikasirika. Ndiyo, hofu ilikuwepo, lakini hasira ndiyo ilitangulia. Nilimkasirikia babu niliyezoea kumsifu kwa wageni. Nilimkasirikia mama kwa kutuachia tuseme habari ya maji ya mvua miaka yote hiyo. Na hao wengine nao niliwakasirikia, kwamba mimi natengeneza mlango kwa ajili ya mguu wa mama yangu, wao wanaona wameitwa.

"Na wewe huwaogopi?" nikamuuliza.

"Niliwaogopa nilipokuwa na miguu."

Nilimleta padri. Alinyunyiza maji ya baraka vyumba vyote. Mama alipiga ishara ya msalaba kwa heshima zote, kisha akanyoosha kidole kwenye kibaraza. "Baba, na pale kwenye kona, hawajapata." Padri akaniangalia. Nikatazama chini. Akanyunyiza na kwenye kona, akaaga haraka.

Baada ya hapo mama aliacha kushika kamba. Alikuwa anatembea katikati ya ua, fimbo mkono mmoja, na kiwiko cha mkono wa pili kimeinuliwa, kama bibi harusi anayesindikizwa. Hatikisiki. Mguu ule mbovu unaburuta lakini mwili umetulia, kuna anayeuchukua uzito. Mimi binti yake nilikuwa nimeshindwa kumshikilia vizuri namna ile. Niliona wivu, ukitaka kujua. Naogopa, na naona wivu.

Justus alikuja siku chache kabla ya Pasaka, shati jeupe la ofisini, kuja kukagua. Nikamwambia yote. Akacheka. "Dada, hebu pumzika, jua limekupiga." Akakaa kwenye kibaraza, nikamwekea ugali na kisamvu, mama yuko mbele yake kwenye kigoda. Alikuwa anasifia nyumba, amekiri mwenyewe kwamba mama amenenepa. Akamega tonge.

Bega lake la kushoto likashuka. Shati likakunjamana pale begani, kola ikavutwa ikambana shingo. Umewahi kukaa karibu na mzee, akakushika bega ili anyanyuke? Ndivyo ilivyokuwa. Uzito ukamlalia, ukatetemeka, ukapanda, ukamwachia. Kwenye shati jeupe vilibaki vidole vitano vya udongo mwekundu.

Tonge lilikuwa bado hewani. Justus ananiangalia, na mimi namwangalia.

"Asante, Justus," mama akasema. "Huyo goti lake limeharibika sana."

Hakumaliza chakula. Nilimsindikiza mpaka njiani, anakokota baiskeli yake. "Nyumba hii inafungwa," akasema. "Mama anakuja mjini."

"Pasaka bado. Na anaingia na kutoka. Tulipatana, Justus."

Akapanda baiskeli akaenda zake. Kesho yake akatuma habari kwa upole mwingi: ametukodia gari la ng'ombe, nimpeleke mama Misa ya Pasaka mjini, yeye atakuja kukaa na nyumba na kuziba paa linalovuja. Nikaona mdogo wangu kaona aibu. Nikashukuru kabisa.

Tukaenda. Mwenye gari alilalamika njia nzima. Wanawake wawili tu, anasema, mmoja mgonjwa, na ng'ombe wanatoka povu kama wamebeba mawe. Mama akamwambia aende polepole, hakuna haraka. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, na benchi lote lile halikukaliwa na mtu mwingine, ingawa watu walisimama mpaka nje.

Tuliporudi jua lilikuwa limeanza kulegea. Justus alikuwa amesimama mlangoni, saruji mpaka kwenye viwiko. Mteremko wa Masolwa ulikuwa umevunjwavunjwa, udongo umetupwa pembeni. Mlangoni kimejengwa kizingiti kipya cha matofali na saruji, cha kufika gotini.

"Nyumba ilikuwa kimya, dada," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hazikupita hata dakika nyingi tangu mwondoke, ikawa kimya kabisa. Nikajua wametoka. Wabaki huko huko. Mama, gari hili hili linakupeleka Kanyenye. Nimeshafunga nguo zako."

Niliruka garini, nikaenda kuushika ule udongo uliotupwa.

Mama alishuka garini. Akatembea mpaka mlangoni, kiwiko kimeinuliwa. Akainua mguu. Haukufika. Akainua tena, kidole cha kiatu kikakwaruza tofali, kikashuka. Akajaribu mara nyingine, huku ameshika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, shingo imemtoka mishipa. Ule mkwaruzo wa kiatu ulinipasua moyo.

"Nikubebe, mama," Justus akasema, analia sasa. "Uingie uage nyumba, halafu twende."

"Usiniguse. Hapa mtu habebwi."

"Mama, tafadhali."

"Mjini siendi. Nitakaa hapa."

Akageuka, akaegemea ukuta wa nje, akateleza taratibu mpaka chini, na kanga yake ya Pasaka, akakaa kwenye vumbi. Kisha akajisogeza kidogo, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye benchi. Akajisogeza tena. Pembeni yake vumbi likadidimia. Mbele kidogo likadidimia tena. Udongo wa ukuta ukaanza kumomonyoka, usawa wa mgongo wa mtu aliyekaa, hapa, na pale, na pale, ukifuata ukuta mpaka kwenye kona, na nyuma ya kona nikausikia unaendelea kuanguka. Mwenye gari aliona. Aliwageuza ng'ombe bila kusubiri ujira wake.

Mama yangu akafumba macho katikati yao. Alikuwa mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Nikaelewa kwamba kama jua lingezama yuko pale, nisingeweza tena kumtofautisha na wao, na asubuhi ingekuwa zamu yangu kutangulia nje na jembe.

Sururu ya Justus ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Nikaichukua. Saruji ilikuwa bado mbichi, tofali la kwanza liling'oka kwa pigo moja. Justus akanishika mkono.

"Dada, hujui unawafungulia nani!"

"Namfungulia mama!" nilimfokea. "Niachie, au nikuanze wewe!"

Akaniachia. Nilipiga, nalia napiga, kamasi zinatoka kwa woga, kwa sababu nilikuwa najua vizuri kabisa walioko nyuma yangu. Nilipiga mpaka pakawa sawa na ardhi. Nikayasukuma matofali kwa mguu. Nikageuka, nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Haya, piteni. Maji nimeyashusha chini."

Mama akafumbua macho. Viwiko vyake vyote viwili vikainuka, mwili ukapanda ukutani, akasimama. Hakuniangalia. Akapita mlangoni anaburuta mguu, akaingia nyumbani kwake.

Mimi nikasogea pembeni, sururu mkononi, nikabana mgongo kwenye mwimo. Kwenye vifusi vya saruji mbichi zilikuwa zinajichora alama. Kiganja. Goti. Ncha ya fimbo. Kiganja.

Justus alikuwa amejifunika uso. Baadaye akaniita, sauti imekauka. "Dada. Mama kaingia zamani. Mbona huingii?"

Nikamwambia anyamaze, avute subira. Walikuwa bado wanapita.